Bati la Kapteni Rademühl

Kiogora alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaifuta mia sita na kumi na nane.

Jumatatu ilikuwa mia sita na kumi na mbili. Jumanne asubuhi mwenyekiti alipiga simu kusema ni kumi na tano, na kabla rangi haijakauka akapiga tena kusema ni kumi na nane. Leo Jumatano, saa nne, jua likiwa limeshaanza kuuma shingoni, simu ilikuwa imeita tena.

"Ishirini na moja," Guracha alisema. "Mia sita ishirini na moja. Hiyo ndiyo ya mwisho, fundi. Wallahi."

"Ile ya jana pia ilikuwa ya mwisho, mwenyekiti."

"Si mimi, ni wao. Wamepata daftari lingine la huyo mzee."

Tarakimu ziliyeyuka, weusi ukachafua weupe. Sasa ingebidi apake nyeupe upya, angoje ikauke, apige mstari wa chaki upya, ndipo aandike. Na vumbi nalo lilikuwa likingoja. Kila alipopaka nyeupe, upepo wa Isiolo ulileta vumbi lake ukalibandika pale pale, kama mtu anayetia sahihi.

Bati lenyewe lilikuwa na urefu wa futi nane na kimo cha futi nne, limesimamishwa juu ya nguzo mbili za chuma kando ya kisima kipya nyuma ya kijiji cha Chechelesi. Kisima kilikuwa tayari tangu mwezi uliopita. Tangi lilikuwa juu ya mnara wake, paneli za jua zimepangwa zikitazama juu, birika la saruji la mifugo limekauka vizuri, na mabomba manne ya kina mama yalikuwa na koki mpya zinazong'aa. Fundi wa pampu aliiwasha siku moja tu, maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele, kisha akaizima, akafunga mlango wa kibanda cha pampu kwa kufuli, akaenda na ufunguo. Alisema ufunguo utarudi na mgeni. Mgeni alikuwa mama mmoja Mjerumani aliyetoa kisima hicho kwa jina la marehemu babake. Alikuwa amekwisha kufika Nanyuki, yuko hotelini, anangoja bati. Na bati lilimngoja Kiogora, na Kiogora alingoja simu. Maji yalikuwa chini, mita mia na kumi, yakiwangoja wote.

Kiogora alikuwa na miaka hamsini na minane. Mamake, Mmeru aliyeshuka na magunia ya miraa, alimzaa mtaa wa Bulla Pesa akamlea hapo hapo, katikati ya Waborana, hata lugha yao aliijua kabla hajajua kusoma. Kwa miaka thelathini na mitano hapakuwa na bucha, duka la dawa, kinyozi wala shule mjini ambayo haikupita chini ya brashi yake. Watu waliijua S yake iliyoegemea nyuma kidogo, kama mtu aliyeshiba. Halafu zikaja mashine zinazochapa mabango ya plastiki kwa nusu saa, na sasa aliitwa kwa vitu viwili tu: makaburi, na mabati yanayotakiwa kudumu juani. Lakini jambo moja halikubadilika. Hakuwahi kukosea neno. Akipita mahali akaona ukutani pameandikwa "Chakura tayari", moyo wake ulichafuka mpaka jioni.

Ndiyo maana Guracha, mwenyekiti wa kamati ya kisima, alimletea karatasi ya Kiingereza akamwambia, "Wewe ndiye mwenye Kiswahili safi. Tafsiri mwenyewe. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, mistari ilingane."

Kiogora aliisoma karatasi ile mara mbili akiwa amekaa juu ya debe lake la rangi. Kapteni Lothar Rademühl, alizaliwa 1919, mwana wa seremala. Aliingia jeshi la anga akiwa na miaka kumi na tisa. Rubani wa ndege ya kushambulia walio ardhini, upande wa mashariki, 1942 hadi 1945. Safari za mashambulizi: 612. Vifaru alivyoharibu: 58. Malori: 340. Mikokoteni ya farasi: 214. Madaraja: 9. Aliangushwa mara tano, akajeruhiwa mara tatu, kila mara akarudi angani. Alitunukiwa Msalaba wa Chuma wa daraja la pili, kisha wa daraja la kwanza, kisha ule mkubwa kuliko yote wa kuvaliwa shingoni. Alifariki 1994.

Alitazama nyuma ya karatasi. Hapakuwa na kitu. Kati ya mwaka wa arobaini na tano na mwaka wa tisini na nne palikuwa na nukta moja tu.

Pamoja na karatasi ilikuja picha ya nishani, aichore juu katikati ya bati. Katikati ya msalaba palikuwa pamesuguliwa kwa kalamu nyeusi.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

"Hapo acha wazi," Guracha alisema.

"Nimeuliza palikuwa na nini."

"Fundi, acha wazi. Wamesema acha wazi."

Kiogora alifika kidato cha pili na alijua vizuri palikuwa na nini. Vita vya Hitler na alama yake ya msalaba uliopinda vilikuwa vitabuni, na babu yake mzaa mama alikwenda navyo mpaka Burma, akarudi na blanketi. Alichora msalaba, akaacha katikati wazi.

Sasa, wakati nyeupe ikikauka, kina mama walikuwa wakirudi kutoka mtoni na punda wao. Ilikuwa saa sita kasoro. Waliondoka alfajiri. Mitungi ya manjano iligongana mbavuni mwa punda, na kila mama aliyepita alilitazama bati, halafu kufuli, halafu yeye.

"Fundi, bado?"

"Bado."

"Wewe unaandika Kurani nzima?"

Kiogora alikoroga rangi. Kosa halikuwa lake, lakini aliyeshika brashi ni yeye, na mtu mwenye kiu humtazama anayemwona.

Akko Qabale alikuwa wa mwisho, kama jana, kama juzi. Wote walimwita akko, nyanya, hata waliomzidi umri kwa vitambulisho. Alimfungua punda wake, akaketi kwenye kivuli cha bati na kunyoosha goti lake bovu.

"Salaam aleikum, Kiogora."

"Aleikum salaam, Akko. Umechelewa leo."

"Goti ndilo limechelewa. Mimi nilifika zamani." Alikunywa maji ya mtoni kwenye kikombe cha plastiki, akatema mchanga. "Nisomee. Kila siku nakaa hapa chini ya maandishi, sijui nimekalia nini."

Kwa hiyo akamsomea, kwa Kiborana, huku akipima mstari kwa uzi. Alimweleza kwamba huyu ni babake yule mama wa kisima. Alikuwa rubani. Ndege yake haikupigana na ndege nyingine. Kazi yake ilikuwa kushuka chini na kupiga waliokuwa chini.

"Mara ngapi?"

"Mia sita ishirini na moja. Kwa leo."

"Na hizo nyingine?"

"Vifaru hamsini na nane. Malori mia tatu na arobaini. Mikokoteni ya farasi, mia mbili kumi na nne."

Akko Qabale alikizungusha kikombe mkononi. "Mkokoteni unavutwa na farasi wangapi?"

"Sijui. Wawili, labda."

"Wameandikwa?"

"Hawakuandikwa."

"Na waliopanda?"

Kiogora aliangalia karatasi ingawa alijua. "Hawakuandikwa, Akko."

Kikombe kikaacha kuzunguka. Punda alitikisa masikio. Akko aliposema tena alisema polepole, bila kumtazama, kama anayehesabu mishono ya kitu alichoshika.

"Miaka ya Daba, ile ya vita vya shifta, wanajeshi walipotufungia kambini, mimi nilikuwa na meno ya utoto. Baba aliacha ngamia kisimani. Tuliruhusiwa kwenda kuwaona siku ya tatu. Arobaini na saba, wote wamepigwa risasi. Tuliwahesabu tukiwataja majina, kwa sababu baba alisema hawawezi kuhesabiwa kama mawe. Mimi nilipewa wale wadogo." Alimwaga maji yaliyobaki chini ya nguzo. "Yule aliyepiga, sijui kama aliandika mahali."

Akainuka kwa kushika nguzo ya bati, akamfunga punda wake, akaondoka. Vidole vyake viliacha alama tano za vumbi kwenye rangi mpya.

Alasiri hiyo Kiogora aliandika 621. Kisha vifaru. Kisha malori. Aliandika kwa mkono wa kulia ukiegemea kijiti chenye kitambaa kichwani, herufi kwa herufi, kama alivyoandika maisha yake yote, na kazi ya namna hiyo ina ubaya wake: msomaji hupita juu ya neno, lakini mwandishi wa mabati hulipita kwa miguu. Alipofika kwenye MIKOKONI aliona ameruka TE. Aliduwaa. Miaka thelathini na mitano! Alifuta neno zima kwa hasira, akakaa juu ya debe mpaka jua lilipoanza kulegea.

Alipoandika tena, hakusimama pale karatasi iliposimama.

Alhamisi Guracha alikuja na pikipiki, amefunga kilemba dhidi ya vumbi, akapiga picha ya bati kwa simu na kuituma. Walingoja. Jibu lilikuja baada ya saa mbili, maneno mengi. Guracha alilisoma akikunja uso.

"Wanasema umeharibu jina."

"Nimeandika kama lilivyo!"

"Kuna vidoti viwili juu ya U. Huoni?"

Kiogora aliichukua simu, akaisogeza, akaiweka mbali. Kweli, vidoti viwili. "Nilidhani ni uchafu wa kioo chako," alisema. "Mwenyekiti, simu yako ina vidoti kila mahali."

"Weka vidoti, fundi."

"Wanasema nini kingine?"

"Neno 'shujaa' liwe kubwa zaidi. Na liwe jekundu."

"Hili ni bati, si gazeti! Nikikuza neno moja, mistari yote inahama. Yote!"

"Basi ihame!" Guracha naye alipaza sauti, kisha akaona kina mama wakimtazama kutoka kwenye mitungi yao, akashusha. Alivua kilemba, akajifuta uso. Ghafla alionekana mzee. "Kiogora, ndugu yangu. Ndama wangu wawili wamekufa wiki hii. Mimi nikiambiwa nicheze mbele ya hilo bati, nitacheza. Weka vidoti. Kuza neno. Wape wanachotaka, watupe ufunguo."

Kiogora aliweka vidoti. Alikuza neno, akahamisha mistari saba. Upande wa Kiswahili mwenyekiti hakuusoma. Alishasema anamwamini fundi. Ijumaa asubuhi picha ilitumwa tena, na baada ya swala ya mchana jibu likaja. Safi. Mgeni atafika kesho.

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko ambao kisima kingeweza kuwanywesha. Hema lilipigwa, viti vya plastiki vikapangwa, na bati likafunikwa leso mbili zilizoshonwa pamoja. Ukanda wa chini wa bati ulikuwa mweupe bado: hapo, Guracha alisema, yataandikwa majina ya kamati, hilo hakuna Mjerumani atakayeliuliza. Mifugo ilizuiwa kwa fimbo mbali kidogo, lakini ngamia walikuwa wameshainua pua. Walikumbuka ile siku moja.

Mama Ulrike alishuka garini saa tano. Alikuwa mrefu, miaka sabini na kitu, kofia ya kitambaa kichwani, miguu imevimba kwa joto. Aliwapa watu mkono mmoja mmoja, bila haraka. Hotuba zikaanza. Guracha alizungumza. Mtu wa kaunti alizungumza. Kisha leso zikavutwa, watu wakapiga makofi, na mgeni akasogea kulisoma bati.

Alisoma upande wa Kiingereza, midomo ikicheza kidogo. Kisha akageukia upande wa Kiswahili, ambao hakuujua, akautazama kwa muda mrefu kuliko ule aliouelewa. Akainua kidole.

"Hapa pana nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ni tafsiri, Madam," Guracha alisema. "Ni maneno yale yale."

"Mistari yote imelingana. Mmoja kushoto, mmoja kulia. Isipokuwa hapa. Huku ni mstari mmoja, kule ni mitatu."

"Kiswahili ni lugha ndefu, Madam."

"Mahali hapa tu?"

Kiogora alikuwa amesimama nyuma ya viti, shati lake lina rangi kwenye kola. Aliona kidole kile kimesimama wapi, na hata katika kuogopa alipatwa na fahari kidogo. Angekuwa mwandishi mbovu, mistari imepinda kila mahali, asingegundua mtu.

"Fundi!" Guracha aliita. "Njoo umwambie Madam."

Alienda. Alivua kofia. Akausoma mstari kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu ndivyo alivyouandika: "Mikokoteni 214 ya farasi, pamoja na farasi wake na watu waliokuwemo, ambao hawakuhesabiwa." Kisha akausema kwa Kiingereza chake cha kidato cha pili, polepole, ili lisipotee hata neno moja.

Makofi ya nyuma, ya wale ambao hawakusikia, yaliendelea kidogo, yakafa.

"Amekosea!" Guracha alisema. "Madam, fundi amekosea, ni mzee, macho yake mabaya. Atafuta sasa hivi. Fundi, leta kitambaa."

"Sijakosea," alisema Kiogora.

"Kiogora!"

"Sijawahi kukosea neno, mwenyekiti. Usiwaambie watu nimekosea."

Mama Ulrike alimgeukia. Uso wake ulikuwa umeiva wekundu, na haikujulikana kama ni jua. "Nani alikwambia uandike hivyo?"

"Hakuna mtu."

"Kisima hiki ni changu. Baba ni wangu. Wewe ni nani uandike juu ya baba yangu?"

Kiogora alikuwa ameandaa radhi. Aliifikiria usiku, nzuri, ya unyenyekevu. Lakini ilipofika mdomoni, wiki nzima ilitoka badala yake.

"Mama, hili bati nimelifuta mara kumi na moja. Kumi na mbili, mkasema si kumi na mbili. Kumi na tano, mkasema si kumi na tano. Vidoti! Neno kubwa, neno dogo! Kila siku naambiwa hesabu haijakamilika, na kina mama hawa wanapita na punda wananitazama. Basi na mimi nikahesabu. Nikaona kweli, haijakamilika."

Kutoka upande wa akina mama sauti ya Akko Qabale ilipanda, kavu, kwa Kiborana. Hakuinuka kwenye mtungi aliokalia.

"Anasema nini?" mgeni aliuliza.

"Anasema karibu sana Isiolo," Guracha alijibu haraka. "Anakushukuru."

"Hakusema hivyo," alisema Kiogora.

Guracha alifumba macho.

"Anauliza," Kiogora aliendelea, "kama baba yako alikuwa anapata usingizi."

Simu ya Mama Ulrike ililia ndani ya mkoba. Aliitoa, akaitazama, akapokea. Alisema maneno mafupi ya Kijerumani. Sauti ya mwanamume upande wa pili ilisikika mpaka kwenye viti, ikipanda, ikiuliza, ikihesabu. Alisikiliza, akafungua mdomo mara mbili akakosa nafasi ya kusema. Mwisho aliizima kabisa na kuitupa mkobani kama kitu kilichooza.

"Kaka yangu," alisema. "Anataka picha. Yeye ndiye aliyetuma zile namba zote. Wiki nzima ananipigia mimi hotelini, ananisomea daftari. Usiku na mchana, daftari." Alivuta kiti cha plastiki, akakaa katikati ya jua, mbele ya bati. "Mwambie huyo mama, hapana. Alilala jikoni, kwenye kiti, taa ikiwaka. Sisi watoto tulidhani baba wote hulala jikoni."

Kiogora alitafsiri. Akko Qabale alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa akiitarajia.

"Hajawahi kutuambia kitu," mgeni alisema. "Hiyo nishani niliiona siku ya mazishi. Mimi nilimjua muuza pampu. Pampu za maji, za wakulima. Miaka thelathini na moja. Pampu ikikwama wakati wowote, mvua, barafu, walimpigia simu, akaenda na sanduku lake la spana. Mama alikasirika sana. Mimi nadhani alishukuru kupata pa kwenda." Aliangalia bati. "Nilimwambia kaka tuandike pampu. Kaka akasema pampu si historia."

"Madam, tuendelee na ratiba?" Guracha alisema kwa sauti ndogo.

"Huo mstari uache," mgeni alimwambia Kiogora. Haikutoka kwa wepesi. Alisema kama mtu anayeng'oa msumari. "Na uongeze pampu. Miaka thelathini na moja."

"Hakuna nafasi, Mama."

"Pale chini ni peupe."

"Pale ni pa kamati!" Guracha alilia. "Majina yetu tisa! Tumekaa vikao miaka miwili!"

Kiogora alitazama ukanda ule mweupe, akamtazama mwenyekiti, akamtazama mgeni. Mabadiliko ya kumi na mbili. Alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kuketi chini alie, lakini hapo hapakuwa mahali pa kulilia. Alisikia ngamia mmoja akinguruma kule nyuma ya fimbo.

"Nitaandika," alisema. "Lakini kwanza fungua. Wiki nzima maji yamengoja rangi. Leo rangi ingoje maji."

Aliona Guracha ameshika kichwa. Aliona pia mkono wa Mama Ulrike ukiingia mkobani, ukipapasa miwani, simu, chupa ya dawa, ukitoka na ufunguo mmoja wenye utepe wa zambarau. Alitazama huku na huku kana kwamba anatafuta mkasi au kipaza sauti. Kisha akampa Guracha, hivi hivi, kama mtu anayempa jirani chumvi.

Mwenyekiti hakungoja aambiwe mara mbili. Alikimbia, kanzu ameikunja mkononi. Kufuli likalia. Kwanza pakawa na mvumo tu, chini sana, ukisikika kwa nyayo kuliko kwa masikio. Dakika zikapita, watu wakatazamana. Kisha bomba la birika likakohoa, likatema hewa, likatema maji mekundu kama chai, halafu maji yakanyooka, meupe, manene kama mkono. Hema likabaki tupu. Viti vilipinduka. Mtu wa kaunti, aliyekuwa bado ameshika karatasi yake, alibaki peke yake akitafuta mahali alipokuwa ameachia.

Kiogora alifungua debe. Hakupiga mstari wa chaki. Alipiga magoti mbele ya ukanda mweupe akaandika kwa jicho tu, herufi kubwa nyeusi, huku nyuma yake mitungi ikigongana na akina mama wakisukumana na Guracha akipiga kelele za foleni ambayo hakuna aliyeipanga. ALIUZA PAMPU ZA MAJI MIAKA 31. Mama Ulrike alikuwa amevua viatu, ameketi kwenye ukingo wa birika karibu na Akko Qabale, miguu yao minne ndani ya maji. Hawakuwa na lugha. Akko alikuwa akimwonyesha goti lake.

Kiogora alisimama, akarudi hatua tatu, kama alivyozoea, kuangalia. Mstari ulipinda kidogo kuelekea kulia. S haikuegemea sawasawa. Alikuwa akiwaza kama apake nyeupe aanze upya aliposikia mtu akimwita, "Fundi! Fundi, ngamia!"

Alikuwa jike mkubwa, amekunywa mpaka tumbo limekuwa ngoma, maji bado yakimdondoka midomoni. Alitoka kwenye birika bila kumtazama mtu, akazunguka viti vilivyopinduka, akafika kwenye bati. Akasimama sambamba nalo. Akaegemea, akajikuna ubavu, taratibu, mbele na nyuma, nguzo zikilia, macho yamefumba nusu kwa utamu.

"Toka! Toka wewe!" Kiogora alirusha kofia yake. Ilimpiga ngamia shingoni ikaanguka. Ngamia alijikuna mara moja zaidi, akamaliza, akajiondoa.

Kwenye ukanda wa chini palibaki wingu jeusi na tarakimu 31. Juu yake, vilivyokauka tangu juzi, vifaru, malori na msalaba mtupu vilikuwa vimetulia mahali pake. Kiogora alishusha mkono wenye brashi. Guracha alikuja akihema, akatazama bati, kisha akamtazama ngamia.

Ngamia alipita nyuma ya paneli za jua, akashika njia ya malisho bila haraka. Ubavuni alibeba neno zima, limegeuka nyuma mbele, PAMPU, herufi mbichi zikipanda na kushuka kwa pumzi yake, na vumbi likianza kuzishika.